Mkono wa Sadallah Kwenye Waya

Sadallah bin Mtoro hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Alikuwa mwembamba, kanzu yake fupi kidogo kuliko inavyopasa, koti lake la kazini limepauka mabegani, na akipita mtaani Dunda alisalimia watu harakaharaka kama mtu anayewahi kitu, ingawa posta haikuwa mbali na wala haikuwa na miguu ya kukimbia. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na sifa, tena ulikuwa na majina mawili. Waliopiga naye dufu waliuita mkono wa marehemu baba yake. Na Dar es Salaam, katika chumba ambamo hakutia mguu tena tangu amalize mafunzo, waliuita mkono wa Bagamoyo.

Siku hizo ukitaka habari yako ifike Dar kabla jua halijatua, uliandika maneno machache kwenye fomu ukampa karani wa dirishani, naye akaipeleka chumba cha nyuma kwa Sadallah. Juu ya meza palikuwa na kidude cha shaba chenye kifundo cheusi. Sadallah alikibonyeza kwa vidole: pigo fupi, pigo refu, kimya. Kila herufi ilikuwa na mapigo yake, na huko Dar mtu mwingine aliyasikiliza yale mapigo akayaandika tena yakawa maneno. Basi. Ilikuwa kazi ya masikio na mkono, na aliyekuwa na masikio mabovu hakumaliza mwezi.

Mkono huo Sadallah aliupata kwenye ngozi kabla hajaupeleka kwenye shaba. Baba yake alikuwa mpiga dufu wa kutegemewa katika maulidi ya mji mzima, na mtoto alipofika miaka sita alishapigishwa magoti katika safu, kidufu chake mkononi, akifundishwa jambo ambalo wapigaji wengi hawalijui hadi leo: kwamba kupiga si kazi, kazi ni kujua wapi usipige. Kwa hiyo alipoajiriwa posta, na karani mzee wa mitambo akamwonyesha herufi zile, hakuzihesabu kama wenzake. Alizisikia kama vipande vya kasida. Mwaka haukupita akapelekwa Dar kusomeshwa, akala kiapo kwamba hatatoa siri ya mtu na hatamkalisha mtu yeyote mbele ya kile kidude, akarudi kwao karani kamili.

Upande wa pili wa waya alikaa Kitwana. Kwa miaka minane walizungumza kila siku ya kazi na hawakuwahi kuonana. Sadallah alijua kwamba Kitwana ana mke aitwaye Chausiku, kwamba hali samaki wenye mafuta mengi, na kwamba mtoto wake wa tatu alizaliwa siku ya mvua kubwa, maana yote hayo aliambiwa kwa mapigo, katika dakika zile ambazo hapana telegramu ya kupeleka. Kitwana naye alijua kwamba binti wa Sadallah anaitwa Dija na kwamba anaogopa paka. Kila walipopanga kuonana hutokea jambo. Mara barabara imekatika, mara watoto wana surua. Lakini Sadallah angeutambua mkono wa Kitwana hata usingizini. Ulikuwa mwepesi, mkono wa mtu anayezungumza huku anacheka.

Tena palikuwa na jambo jingine, ambalo Sadallah hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya. Kila asubuhi kabla ya telegramu ya kwanza aliiita Dar kwa mapigo maalumu ya kituo chake, yale yale, mara tatu. Jumapili moja, wakati chama cha dufu kinajiandaa, vidole vyake vikapiga wito ule juu ya ngozi bila yeye kukusudia. Mjomba wake Bwanausi, kaka wa mama yake na kiongozi wa chama, akainua kichwa. "Hilo pigo umelitoa wapi?" akauliza. Sadallah akajibu kwamba limekuja tu. "Basi lisiondoke," akasema mjomba, na tangu siku hiyo likawa pigo lao la kufungulia. Sadallah hulipiga peke yake mara tatu, kisha safu nzima hujibu. Watu walilipenda, na chama cha Magomeni kikajaribu kuliiba kikashindwa. Hapana aliyejua kwamba kila wakifungua maulidi yao, Bagamoyo inaiita Dar es Salaam.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda, na yalikuwa mazuri, mpaka ulipokuja waraka.

Ulikuja mwaka wa sitini na nane, masika yanaelekea ukingoni. Ulikuwa umepigwa chapa, ukurasa mmoja. Makarani wote wa mitambo walikumbushwa kwamba mapigo yao yawe ya kipimo kimoja na bila madoido. Maongezi yasiyo ya kazi yalipigwa marufuku. Wenye mazoea mabaya wangekaguliwa na kuchukuliwa hatua. Nakala yake ilibandikwa kila penye kidude cha shaba, kutoka pwani hadi maziwani, na haikutaja jina la mtu.

Mtu mwingine angeusoma, akaukunja, akaagiza kahawa. Sadallah aliliona lile neno madoido, akalisoma tena. Nani mwingine kama si yeye? Nani mwingine hupiga herufi huku bega linacheza? Karani wa dirishani alishawahi kumtania kwamba akituma taarifa ya msiba inakwenda kwa mwendo wa harusi. Basi Sadallah akajishitaki, akajihukumu na akajifunga, yote hayo kabla ya adhuhuri, bila kumuuliza mtu hata mmoja. Na huo ndio ulikuwa ujinga wake, maana angeuliza angejibiwa.

Jioni hiyo alikwenda kwa mjomba wake. Bwanausi alikuwa uani, anazungusha dufu juu ya makaa ili ngozi ijikaze.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umewahi? Madufu yenyewe hayajaota moto."

"Nimekuja kuaga. Sitapiga dufu tena."

Bwanausi aliliweka lile dufu chini taratibu. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ni kazi, mjomba. Mkono umezoea dufu mno, unacheza hata pasipotakiwa kuchezwa. Nikiendelea hivi nitamwaga unga."

"Mwezi wa maulidi, Mfungo Sita, tunauingia juma hili. Wewe ndiye unayefungua."

"Najua."

"Baba yako alipiga dufu mpaka siku saba kabla hajafa."

"Baba hakuwa na kidude, mjomba."

Mzee akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Haya. Mahali pako hapatakaliwa na mtu. Tutapiga na pengo."

Sadallah alielewa kuwa ametukanwa kwa adabu kubwa. Katika chama chao pengo kwenye safu huachwa kwa marehemu tu, tena kwa siku arobaini. Aliondoka bila kunywa kahawa, akafika nyumbani, akalitundika dufu lake ukutani nyuma ya mlango, na mkewe Mwanvita alipouliza kulikoni, akamwambia asiliguse.

Kazini sasa akaanza kupiga kama waraka unavyotaka. Alikaza bega, akakaza kiwiko, akahesabu kimoyomoyo. Kila pigo lilikuwa sahihi, na hata moja halikuwa lake. Siku ya kwanza Dar ilimwambia arudie telegramu mbili. Siku ya pili arudie nne. Sadallah akadhani kwamba bado hajakaza vya kutosha, akazidi kukaza, na shingo ikaanza kumuuma.

Siku ya tatu, katikati ya kazi, Dar ilimkatiza. Ulikuwa mkono wa Kitwana, lakini haukuwa unacheka.

"Nani wewe?"

Sadallah akawaona kwa macho ya moyo wakubwa wamesimama nyuma ya kiti cha rafiki yake, wanangoja aingie kwenye maongezi yaliyokatazwa ili wamnase. Akajibu kikazi: "Bagamoyo. Endelea."

Kesho yake swali likaja tena, na keshokutwa. "Nani wewe?" "Bagamoyo. Endelea." Mwisho Kitwana akatuma swali refu zaidi: "Mtoto wa Sadallah anaitwa nani?"

Hapo ndipo Sadallah alipoona mtego wazi kabisa. Wamemlazimisha maskini Kitwana atumie hata jina la mtoto! Akajibu kwa mapigo yaliyonyooka, moja moja: "Maongezi ni marufuku."

Baada ya hapo Dar ikanyamaza. Ilipokea telegramu, ikatoa telegramu, na neno la pembeni halikusikika tena. Sadallah alijiambia kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini saa sita, wakati ule waliozoea kuulizana habari ya mvua, alikaa akikitazama kidude na kuona huzuni ambayo hakuweza kumweleza mtu, maana angeanzaje kusema kwamba anamkumbuka mtu asiyemjua sura?

Juma la tatu, siku ya Jumanne, aliipokea mwenyewe hukumu yake. Aliandika herufi moja moja kama zinavyokuja: MKAGUZI ATAFIKA ALHAMISI. KARANI WA MITAMBO ASIONDOKE KITUONI. Aliinakili kwa mwandiko mzuri, akaigonga muhuri, akampelekea bwana posta kwa mikono miwili, kisha akarudi kukaa.

"Mama Dija," alimwambia mkewe wakati wa chakula cha jioni, "Alhamisi nafukuzwa."

Mwanvita akaacha kupakua. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimeacha kila walichokataza."

"Basi wanakufukuzia nini?"

Mwanvita alimsogezea sahani, na hasira aliyokuwa ameibana siku nyingi ikamtoka.

"Nikwambie kitu, Baba Dija. Wiki ya tatu hii naishi na mtu nisiyemjua. Ulikuwa huli bila kupiga vidole kwenye ukingo wa sahani, nikikugombeza kutwa. Sasa hupigi, na chakula hakishuki, chako wala changu. Mtoto ameniuliza kama baba ana homa."

"Nafanya kwa ajili yenu."

"Sisi hatujakutuma," akasema Mwanvita, akaondoka na chungu chake.

Mkaguzi alifika Alhamisi asubuhi kwa Landrova iliyojaa tope hadi madirishani. Aliitwa Bwana Muhidini, mzaliwa wa Pangani, mnene, mwenye miwani, na alizungumza polepole sana, jambo ambalo lilimtisha Sadallah kuliko angefokewa. Tena alianza kwa maswali ya ajabu. Alimuuliza bwana posta, "Huyu ndiye Sadallah bin Mtoro?" Akamuuliza karani wa dirishani swali lile lile. Kisha akatoka nje mpaka kwa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara, akamwonyesha Sadallah kwa kidole na kumuuliza huyo ni nani. Muuza kahawa akacheka akasema, "Huyo wa kwetu, Sadallah wa dufu." Sadallah alibaki ameduwaa. Mtu aliyekuja kufukuza ana haja gani ya mashahidi wa sura?

Waliporudi chumba cha nyuma, Bwana Muhidini alifunga mlango.

"Nani mwingine hukalia kiti hiki?"

"Hakuna, bwana. Ni mimi peke yangu."

"Ulikula kiapo?"

"Nilikula."

"Unajua kwamba ukimkalisha mtu asiyeapishwa, si kuachishwa kazi tu, ni mahakamani?"

"Najua, bwana. Lakini sijamkalisha mtu."

Mkaguzi alitoa karatasi mfukoni. "Dar wameandika kwamba tangu wiki tatu zilizopita telegramu za Bagamoyo zinapigwa na mtu mgeni. Anapiga kwa kipimo, lakini si Sadallah. Akiulizwa jina hajitaji. Na alipoulizwa mtoto wa Sadallah anaitwa nani, alishindwa."

Sadallah alikuja kazini akidhani atashitakiwa kwa kucheza, kumbe anashitakiwa kwa kutocheza! Ameshitakiwa kuwa mtu mwingine ndani ya kiti chake mwenyewe. Na hatari haikuwa imepungua, ilikuwa imezidi. Kwa madoido angefukuzwa. Kwa hili angefungwa.

"Ni mimi, bwana," alisema hatimaye. "Huyo mgeni ni mimi."

"Rahisi kuthibitisha," akasema Bwana Muhidini. Akamwekea mezani karatasi yenye orodha ya majina ya vituo. "Piga hiyo. Kitwana yuko upande wa pili, nimemwambia asikilize. Atatuambia."

Sadallah akakaa. Woga wa wiki tatu haukutoka kwa kuambiwa. Bega lilijikaza lenyewe, kiwiko kikajikaza. Akapiga Lugoba, akapiga Mlingotini, akapiga majina ya bara yote yaliyofuata, sawasawa, bila kosa. Akamaliza. Kidude kikatulia, kisha Dar ikajibu, na Bwana Muhidini, aliyekuwa karani wa mitambo enzi zake, akatafsiri kwa sauti ingawa hapakuwa na haja.

"Siye huyo."

"Bwana, naomba nirudie," akasema Sadallah. "Mimi kwa kawaida napiga kwa dufu."

"Dufu?" Mkaguzi alivua miwani. "Dufu limeingiaje hapa?"

"Naomba nirudie tu."

Safari hii alijaribu kucheza kwa makusudi. Alilegeza bega, akavuta pigo refu, akakata fupi, na aibu ilimpata kabla hata hajamaliza, maana alijisikia kama mtu anayeigiza mwendo wake mwenyewe mbele ya kioo. Dar ikangoja kidogo, kisha ikajibu: "Siye huyo pia. Mna watu wangapi huko?"

Bwana Muhidini hakucheka. Alichukua kalamu. Sadallah aliiona ile kalamu inavyofunguliwa, akamwona Mwanvita amesimama kwenye lango la mahakama, akaona pengo kwenye safu ya mjomba wake, na pengo lile sasa lilikuwa la haki kabisa. Akasema jambo ambalo hata yeye hakujua kwamba atalisema.

"Bwana, nitavua viatu."

Hakungoja ruhusa. Alivua viatu, akavipanga ukutani kama avipangavyo penye maulidi, akapanda na kupiga magoti juu ya kiti cha serikali. Makalio yakakaa juu ya visigino. Mgongo ukanyooka wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu umri wa miaka sita. Akafumba macho. Akaanza kasida kwa sauti ya puani, ndogo, ile ya kufungulia, na mwili ukaenda kulia kidogo, ukarudi kushoto kidogo, kiti kikalia. Alipofika mahali ambapo dufu huingia, mkono ukaingia.

Hakupiga orodha ya mkaguzi. Alipiga wito wa kituo, mara tatu, Bagamoyo inaita, na baada ya mara ya tatu akaacha kimya kile ambacho kwenye safu huwaachia wenzake wajibu.

Dar haikungoja hata sekunde. Ilikatiza kwa fujo, herufi zinapandana.

"Ndiye! Ndiye huyo! Alhamdulillahi. Alikuwa wapi?"

Sadallah alifungua macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alijisikia mwepesi ajabu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani na shingo bado haijaamini. Bwana Muhidini aliifunga kalamu yake, akakizunguka kile kiti, akazitazama nyayo za karani wake, kisha akainama mwenyewe kwenye kidude akamjibu Kitwana kwa mkono mzito wa zamani: "Alikuwa hapa hapa. Ripoti yako imefungwa."

Halafu akavuta kiti kingine akakaa. "Sasa niambie ulikuwa na wazimu gani."

Sadallah alimweleza yote, waraka, dufu, mtego wa jina la Dija. Mkaguzi alisikiliza huku tumbo linatikisika, na mwisho kicheko kikamshinda, akacheka mpaka karani wa dirishani akagonga mlango kuuliza kuna nini.

"Waraka ule ni wa watu wanaopiga kama wanaotwanga," alisema alipopata pumzi. "Wewe nani kakutaja? Unajua Kitwana aliandika nini kwenye ripoti yake? Kwamba masika yakianza na waya zikijaa kelele, vituo vyote huambiwa virudie mara tatu, mara nne. Bagamoyo peke yake husomeka, kwa sababu hata pigo likimezwa na mvua, yeye anajua lingeangukia wapi. Anasema anasikia kama ngoma ya mtu anayemfahamu. Mimi nilidhani ni maneno ya kishairi tu."

"Kwa hiyo niendelee na dufu, bwana?"

"Nakuamuru uendelee." Akasimama, akavaa miwani. "Na yale maongezi ya pembeni, yapunguzeni. Sikusema muyamalize."

Sadallah alitoka kazini siku hiyo akitembea polepole kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kila aliyekutana naye alipata salamu kamili, ya nyumbani, ya watoto na ya afya. Alifika kwake, akaenda nyuma ya mlango, akalitungua dufu. Alitegemea kukuta ngozi imelegea. Wiki tatu za unyevu wa masika zinatosha kuifanya ilie kama gunia. Akaligusa kwa kidole. Lilikuwa limekaza, kavu, tayari.

Mwanvita alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Nilikwambia usiliguse," akasema Sadallah.

"Sikuligusa. Nililiotesha moto tu, kila Alhamisi. Ulidhani nimeolewa na kidude?"

Sadallah akalikumbatia lile dufu kifuani. "Hawakunifukuza, Mama Dija." Akaketi kizingitini akamweleza habari nzima, na alipofika kwenye kupanda kitini Mwanvita ilibidi ashike ukuta.

Kwa mjomba ilikuwa kazi ngumu zaidi. Bwanausi alimwacha asimame uani muda mrefu, akiendelea kunywa kahawa yake.

"Nimekosa, mjomba. Naomba mahali pangu."

"Mahali pako pako wazi," akasema mzee. "Mimi nilimwacha mtu apate akili, sikumzika." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, akamimina kikombe cha pili.

Maulidi ya chama chao yalisomwa Jumapili ya mwisho ya Mfungo Sita, baada ya alasiri, kwenye uwanja ulio mbele ya msikiti wao. Mikeka ilitandikwa, vyetezo vikatoa moshi, dele kubwa la shaba la kahawa likakaa juu ya makaa mbele ya safu. Wapigaji ishirini walipiga magoti. Sadallah alikaa mahali pake, na alipopiga pigo la kufungulia mara tatu, Bwanausi aliyekuwa kando yake alipumua kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyekuwa ameizuia mwezi mzima.

Wakati huo huo basi la Dar lilikuwa limesimama, na abiria mmoja alikuwa ameteremka na mwavuli wake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye upara na uso wa kucheka, na alikuwa anaulizia njia. Muuza kahawa ndiye aliyesimulia baadaye: yule mgeni alianza kuuliza nyumba ya Sadallah iko wapi, mara akanyamaza katikati ya neno, kichwa kikaenda upande. Kwa mbali dufu moja lilikuwa linapiga. "Sihitaji tena kuelekezwa," mgeni akasema. "Naitwa." Akaondoka akiifuata sauti ile kwa mwendo wa mbio.

Alipofika uwanjani safu nzima ilikuwa imeshapamba moto, madufu ishirini pamoja, mabega yanakwenda kulia na kushoto. Hakumuuliza mtu yupi ni yupi. Alisimama pembeni ameinamisha kichwa, kisha akatembea taratibu mbele ya safu, mpigaji kwa mpigaji, hadi akafika kwa yule mwembamba mwenye kanzu fupi. Hapo akasimama.

Sadallah alimwona, lakini hakuweza kuacha. Mtu haachi katikati ya kasida. Alimtazama tu yule mtu mfupi, hana hakika. Mgeni akainama penye dele la kahawa, na kwa pete ya kidole chake akagonga shaba, kwa upole, kwa mkono mwepesi wenye kucheka. Alituma maneno mawili tu.

"Nani wewe?"

Na Sadallah, bila kukosesha kasida, akayaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya wenzake, herufi moja baada ya nyingine, akamjibu jina lake lote. Mjomba Bwanausi aligeuka kumtazama, akashangaa nani amemfundisha pigo hilo jipya, na kwa nini yule mgeni mwenye mwavuli analia.